Hodi ya Tatu

1

Kazi yangu ilikuwa kupiga hodi. Watu wakiniuliza nafanya nini serikalini na mimi nikawajibu hivyo, hudhani nawatania, mpaka waione beji. Kalunde Mihayo, Mpiga Hodi Mkuu wa Shirikisho, mzaliwa wa Ipuli hapa hapa Tabora, mjane, mkaidi kama marehemu mama yake. Hayo ya mwisho hayakuandikwa kwenye beji, ila wakubwa zangu wote waliyajua.

Jumanne ile niliwapigia Halvenia hodi ya pili, saa sita kamili mchana. Chumba cha hodi kiko chini kabisa ya Jengo la Mambo ya Nje, na ndani yake mna maikrofoni moja, saa ya ukutani, na kiti ambacho sikukikalia hata siku moja, maana hodi haipigwi umeketi. Kabla sijafungua mdomo, fundi wa zamu huzima macho yetu yote yaliyo angani juu ya nchi ile. Ndivyo sheria inavyotaka. Anayebisha hodi hachungulii dirishani. Husimama upande, akatazama uani, mpaka aitwe. Kwa hiyo kila nilipopiga hodi, Shirikisho lenye macho elfu nne angani lilikuwa kipofu kwa hiari yake, na katika mambo yote tuliyoyabuni, hilo ndilo nililolionea fahari.

"Hodi, Halvenia," nikasema. "Sisi ni watu wa Shirikisho. Tumesikia ukuta wenu wa bahari umepasuka. Tuko nje. Hodi."

Sauti yangu ikatoka kwenye kila redio na kila simu ya pwani yao. Neno lile siku hizi halihitaji mkalimani. Tangu Shirikisho lilipokuwa taifa kubwa, dunia nzima imelijua, na jibu lake imelijua pia. Nikangoja robo saa, kama kanuni isemavyo. Hakuna aliyejibu.

Hodi ya kwanza nilikuwa nimeipiga Jumatatu, nayo ikapokewa kwa kimya kile kile. Ilibaki moja, ya Jumatano saa sita. Nayo isipojibiwa, sheria inasema tugeuke tuondoke.

Tatizo ni kwamba mji wa Aldervik haukuwa na nafasi ya kungoja adabu zetu. Mji huo una watu elfu thelathini na moja, na umekaa chini ya usawa wa bahari nyuma ya ukuta uliojengwa na babu zao walipokuwa bado tajiri. Ukuta ulikuwa umepasuka mahali kumi na moja. Barabara ya kwenda bara ilikwishamezwa na maji, na daraja la reli likafuata, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia. Na Alhamisi saa nne asubuhi bamvua kubwa ya mwaka ingejaa, yale maji ya mwezi mpevu ambayo huja yakapanda kuliko siku zote. Meli yetu ilikuwa imetia nanga nje kidogo ya mpaka wao, mashine zetu za ujenzi tunazoziita siafu, milioni mbili, zimo tumboni, ikingoja neno moja tu.

Serikali ya Halvenia ilikuwa imehamia milimani. Waziri Mkuu wao alikuwa ameapa hadharani kwamba nchi yake haitakuwa Trevia ya pili, na mtu akishaapa mbele ya watu, kinywa huwa kizito.

2

Alasiri Baraza likakutana kujadili kama tuvunje sheria yetu wenyewe.

Waziri wa Mambo ya Nje, Mheshimiwa Rwegoshora, ni mtu mwema. Nalisema hilo mapema kwa kuwa nitamlalamikia hapa mbele, na sitaki msomaji amchukie. Alisimama bila karatasi.

"Nyumba ya jirani ikiwaka moto," alisema, "nani kati yenu anasimama mlangoni kupiga hodi? Unavunja mlango, unatoa watoto. Salamu baadaye."

Wengi wakagonga meza. Hata mimi mkono uliniwasha.

Akainuka Seneta Nduwimana wa jimbo la Ngozi, mama mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la pili. "Ni kweli, Mheshimiwa. Ila sisi tukishatoa watoto hatuondoki. Tunakwenda kulala sebuleni. Trevia tuliingia kuzima moto. Leo mwaka wa kumi na mbili, swichi ya taa zao iko Tabora, na watoto wao wanaimba wimbo wetu shuleni. Nani aliwaambia waimbe?"

"Hakuna aliyewalazimisha, Mheshimiwa Seneta."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Mtu wa viti vya nyuma akapaza sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwingine akamjibu kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Baraza zima likacheka. Nduwimana hakucheka. Alisema Ngozi kuna vijiji vinavyongoja siafu wa kujenga madaraja mwaka wa pili sasa, na kila mara wanaambiwa siafu wako ng'ambo wanaokoa watu. Alisema haombi watu wa Aldervik wafe. Alikuwa anauliza tu lini tuliamua kwamba dunia yote ni uani kwetu.

Mimi nilimsikiliza nikamkumbuka bibi yangu. Enzi za utoto wake, misaada ilikuwa inakuja kwetu ikitokea huko huko kaskazini, kwa akina Halvenia na Trevia, unga kwenye magunia yenye bendera. Unga ukiisha, gunia linashonwa sketi. Bibi alivaa sketi hizo mpaka akaolewa. Alikuwa akisema, "Mimi niliikalia bendera yao, wao waliikalia nchi yangu, nani alikaa pazuri?" Kisha anacheka mpaka anakohoa. Lakini unga aliula, na bila unga ule mimi nisingezaliwa. Hilo nalo alilisema, kila mara, mwishoni, akiwa hacheki tena.

Wakaniita nitoe ushahidi kuhusu Trevia, kwa sababu nilikuwapo. Nilikuwa mhandisi wakati huo.

Niliwaeleza kwanza jinsi siafu wanavyofanya kazi, maana wajumbe wengi wanawapigia kura bila kuwajua. Kila mmoja ana ukubwa wa ngumi. Wanazoa mawe na mchanga ulio karibu, wanajipanga, wanashikana miguu, na jengo linakuwa wao wenyewe pamoja na mawe waliyobeba. Wakati kazi inaendelea wanashikana kwa muda tu, na ukiwaambia basi, wanaachana na kurudi melini. Lakini mstari ukikamilika, ncha ikakutana na ncha, huyeyusha viungo vyao na kuwa kitu kimoja. Hapo hawaachani tena milele. Na kitu hicho kimoja husikiliza sauti moja, ya Tabora.

"Kwa nini Tabora?" akauliza mjumbe mmoja.

"Kwa sababu sisi ndio tuliowatengeneza, Mheshimiwa. Hatukuwaza zaidi ya hapo."

Kisha nikawaeleza habari ya makaburi. Tulikuwa tumewafundisha siafu kuheshimu kaburi. Tuliwaonyesha makaburi elfu moja ya vijijini kwetu, tuta la udongo na mrehani juu yake, au mnyaa, wakayajua, wakawa wanayapita kando kwa adabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba Trevia kaburi ni jiwe lililochongwa, limesimama wima, limepangwa safu kwa safu. Kwa siafu wetu hilo lilikuwa bohari la mawe, tena mazuri. Tuliingia bila hodi Ijumaa, Jumapili ukuta ulikuwa umesimama, na mji ukapona. Jumatatu asubuhi mzee mmoja alikwenda na kopo lake kumwagilia mkewe maua, akamkuta mkewe ukutani, safu ya tatu kutoka juu, jina likiwa limepinduliwa.

"Mimi nilikuwa nimesimama hapo na fomu," nikawaambia. "Nilitumwa kumwomba atie sahihi kwamba ameridhika na msaada. Akaisoma, akatia sahihi. Hakunitukana hata neno moja. Niliacha uhandisi mwezi uliofuata, na mimi na wenzangu watatu tukaandika Sheria ya Hodi."

Baraza liliahirishwa bila kuamua, jambo ambalo mabaraza hulijua vizuri. Koridoni Rwegoshora akanifuata, akanishika kiwiko.

"Bibi Kalunde, kesho saa sita mtu yeyote akikohoa kwenye ile redio, wewe umesikia karibu. Tumeelewana? Masikio ni yako peke yako. Hakuna atakayekuuliza."

"Mimi nitajiuliza, Mheshimiwa."

"Jiulize. Lakini jiulize wakiwa hai."

Nilikwenda nyumbani nimekasirika.

3

Jumatano saa sita nilisimama tena mbele ya maikrofoni. Macho yakazimwa. Rwegoshora alikuwa nyuma ya kioo, amefumbata mikono.

"Hodi, Halvenia. Hii ni ya tatu. Tuko nje bado."

Dakika moja ikapita. Nne zikapita. Niliitazama saa ile mpaka nikaichukia. Dakika ya kumi na moja redio ikakwaruza.

"Karibuni," ikasema sauti ya mwanamke, neno likiwa limepindapinda kwa lafudhi ya kaskazini. Kisha akaendelea kwa lugha yake na mkalimani wa mashine akaidaka. "Naitwa Ragna Holt. Natunza pampu za Aldervik. Zilikuwa kumi na sita. Sasa ni nne."

Rwegoshora alikuwa akiniashiria kwa kichwa nyuma ya kioo, kwa nguvu zote, nikubali.

"Wakubwa wapo?" nikauliza. Ndivyo anavyoulizwa mtoto aliyefungua mlango, na nilipojisikia nikaona haya.

"Wakubwa wako mlimani," akasema. "Nawapigia simu tangu Ijumaa. Humu ndani nimo mimi."

Hapo ndipo niliposhikwa. Sheria tuliyoiandika inasema karibu itolewe na mwenyeji, na haisemi mwenyeji ni nani. Wanasheria wa nchi nyingine walitucheka sana kwa hilo. Walituuliza kama ni rais, ama bunge, ama jeshi. Sisi hatukueleza kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kuhitaji kuelezwa. Mtoto akikuambia karibu na wakubwa hawapo, unabaki barazani. Lakini shangazi, mpangaji, dada wa kazi, mtu mzima yeyote anayejua sufuria ya chai inakaa wapi, akikuambia ingia, umeingia kwa halali. Mwenye nyumba akirudi atakusalimu kama mgeni, hatakuita mwizi.

"Dada Ragna," nikasema, "ufunguo wa nyumba ya pampu unawekwa wapi?"

Nadhani alifikiri nimerukwa na akili. "Chini ya ndoo ya grisi. Lakini kufuli limekufa siku nyingi. Unausukuma mlango kwa goti, pale chini, upande wa bawaba."

Nilikuwa nimempata mwenyeji.

"Na mimi nina swali," akasema Ragna. "Binamu yangu ameolewa Trevia, kwa hiyo najua mambo yenu. Nikiwaambia basi, mtasimama?"

"Sheria inasema mwenyeji akisema basi, tunasimama."

"Sikukuuliza sheria. Nakuuliza wewe uliyepiga hodi."

Sijapata kuulizwa swali kama lile kazini. Mabalozi huuliza habari za mikataba. Nikamtazama Rwegoshora nyuma ya kioo, nikamkumbuka mzee wa Trevia na kopo lake.

"Nitasimama," nikasema.

Nikaandika kwenye daftari la mashine kwamba karibu imetolewa saa sita na dakika kumi na moja. Pale panapoandikwa sauti ya mwenyeji, ambapo siku zote tuliweka sauti ya serikali ya nchi husika, inayotunzwa kwa balozi wake hapa hapa Tabora, nikaweka sauti ya Ragna Holt wa pampu. Siafu wasingesikia basi ya mtu mwingine yeyote. Rwegoshora alikuwa bado ananipongeza kwa ishara alipoona nilichokiandika, na mikono ikamshuka.

"Umempa mtu wa pampu," akasema alipoingia.

"Yeye ndiye aliyetukaribisha."

"Hana hata cheo, Bibi Kalunde."

"Sufuria anajua iko wapi," nikamwambia.

4

Siafu waliingia Aldervik alasiri ile ile. Jambo la kwanza Ragna alilofanya ni kuwazungusha makaburini kwa miguu yake, akiwa na simu mkononi, akiwaambia hapa msiguse, hapa msiguse. Jambo la pili ni kuwaonyesha bandari ya zamani, akawaambia chukueni mawe yote. Walikuwa hodari, siafu wale. Kufika Alhamisi saa mbili asubuhi walikuwa wamejenga mita elfu moja mia tisa na sitini za ukuta, kutoka pande mbili, wakielekeana. Zilibaki mita arobaini. Mimi na Otuoma, mhandisi wa zamu ambaye nilisoma naye, tulikuwa tumeketi mbele ya skrini tukinywa chai ya tangawizi, na mara ya kwanza tangu Jumatatu nilikuwa naisikia ladha yake.

"Basi," ikasema sauti ya Ragna.

Siafu milioni mbili wakasimama palepale.

Otuoma akaweka kikombe chini. "Kuna nini?"

"Dada Ragna," nikasema kwenye maikrofoni, "imebaki kidogo. Saa mbili tu kabla ya bamvua. Wangemaliza kwa dakika ishirini."

"Najua. Ncha zikikutana, watayeyuka?"

"Ndiyo."

"Na hapo hawatoki tena, na mimi nikisema kitu hawanisikii mimi, wanawasikia ninyi."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi hizo mita arobaini ni zetu. Wao washike pande zote mbili. Katikati tunaziba wenyewe."

"Mtaziba kwa kitu gani?"

Alikuwa ameshaondoka kwenye redio, na tukaona wenyewe, kwa sababu aliyekaribishwa macho yake hufunguliwa. Kutoka kila mtaa wa Aldervik walikuwa wanakuja watu, wawili wawili, wamebeba milango. Milango ya mbao nzito ya kaskazini, mingine myekundu, mingine ya kijani, namba za nyumba zikiwa bado zimepigiliwa. Walikuwa wameanza kuing'oa tangu alfajiri. Mbele ya pengo walikuwa wamekwisha kupigilia nguzo za reli, na sasa wanapanga milango nyuma ya nguzo, na nyuma ya milango wanashindilia magunia ya mchanga.

Ikalia simu ya mezani. Sikuhitaji kuangalia ni nani.

"Bibi Kalunde." Sauti ya Rwegoshora ilikuwa chini sana. "Kule kuna watoto. Unaiona ile milango? Kile ni kiburi, na kiburi kinaua. Toa kauli ya mama."

Siafu wana amri moja inayopita amri zote, hata ya mwenyeji. Mafundi waliiita kauli ya mama kwa kuwa haipingwi. Inahitaji mikono miwili, mmoja wa mhandisi wa zamu, mmoja wa mpiga hodi, juu ya vibao viwili vya chuma. Otuoma mkono wake ulikuwa tayari juu ya kibao.

"Mimi wangu upo, dada," akasema bila kunitazama. "Nina wanangu. Siwezi kuangalia hivi hivi. Nangoja wako."

Niseme ukweli. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku mume wangu alipoingizwa chumba cha upasuaji. Kila alilosema Rwegoshora lilikuwa sahihi. Mkono wangu ulikuwa na uwezo wa kuziba lile pengo kwa dakika ishirini, na mimi nilikuwa naangalia watu wazima wanapigana na bahari kwa milango ya vyumba vyao. Na niliwaza pia kwamba nikitoa neno langu saa sita mchana na kulivunja saa mbili asubuhi, basi hodi zote nilizopiga kwa miaka kumi na moja zilikuwa mchezo, na Ragna aliyeuliza swali moja tu alikuwa ameuliza bure. Mawazo yote mawili yalikuwa ya kweli na hakuna lililolishinda jingine. Niliingiza viganja vyangu chini ya mapaja nikavikalia, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sahani ya wageni.

"Kalunde," akasema Otuoma.

"Nimeambiwa basi."

Saa nne bamvua ikaja. Pande zile mbili za siafu hazikutikisika. Milango ilipinda, nikaona mwekundu mmoja ukipasuka katikati, namba kumi na saba, na maji yakapenya. Watu wakaingia kwenye maji na magunia yao. Safu ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikashika. Ilipofika saa tano na nusu bahari ilianza kurudi nyuma, na mji ulikuwa umesimama, umelowa magotini, mzima.

Watu watatu walichukuliwa na maji pale penye pengo. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu. Mmoja alikuwa mwokaji mikate. Wa tatu aliitwa Eskil Holt, na alikuwa mdogo wake Ragna.

5

Baraza liliniuliza maswali mawili. La kwanza, kama nilikuwa na uwezo wa kuwaokoa wale watatu. Nikasema ndiyo. La pili, kwa nini sikufanya hivyo. Nikasema niliambiwa basi na mwenye nyumba. Hawakuwa na la tatu. Nduwimana alipiga kura niondolewe, na Rwegoshora akapiga nibaki, hilo nalo msomaji na alitafakari mwenyewe, maana mimi bado silielewi. Waliotaka niondoke walishinda. Nilipokuwa naweka beji mezani kwa Rwegoshora, aliniambia yeye angefanya vingine. Kisha akasema hana hakika kwamba angefanya vizuri zaidi.

Watu wa Aldervik walijenga ukuta wao wa mawe nyuma ya ule wetu. Iliwachukua miezi saba. Ulipokamilika, Ragna aliwaambia siafu asanteni, nendeni, na siafu milioni mbili wakaachana miguu, wakashuka baharini na kurudi melini. Katika historia yote ya misaada ya Shirikisho, ni mara ya kwanza kitu chetu kuondoka mahali kwa kuambiwa. Vijana wa Baraza walikwenda bandarini kuwatazama wakishushwa, kama watu wanaotazama maajabu.

Mwezi wa nane baada ya bamvua ile nilisafiri kwenda huko kwa gharama yangu, nikiwa mtu wa kawaida, na mkalimani sikioni. Nilichukua asali ya Tabora, ndoo ndogo ya kilo tatu, ile nyeusi ya miombo. Mjini bado nyumba nyingi hazikuwa na milango. Mbao zilikuwa zimo ndani ya ukuta, na watu walikuwa hawajapata nyingine, au hawakuwa na haraka. Walikuwa wametundika mablanketi.

Nyumba ya Ragna ilikuwa karibu na pampu. Blanketi lake lilikuwa la kijivu na lilikuwa limefungwa pembeni kwa kamba, kwa hiyo mtu angeweza kuona mpaka jikoni kama angetaka. Nikasimama upande, nikatazama uani. Mara hii nilikuwa peke yangu mlangoni, na mwanamke aliyekuwa ndani alikuwa amemzika mdogo wake kwa sababu mimi nilitimiza neno langu.

"Hodi," nikasema.

Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Hakuna jibu.

"Hodi."

Upepo wa baharini ukalipiga blanketi. Nilijua yumo, na yeye alijua ni mimi. Ile sauti aliijua kuliko watu wote duniani. Nikafikiria kuiacha asali kizingitini niondoke, kisha nikaona kwamba huko ndiko kuanza upya yale ya Trevia, kumwachia mtu kitu ambacho hakukiomba mahali ambapo hana budi kukiokota. Nikaishika vizuri zaidi.

"Hodi," nikasema mara ya tatu, na nikahesabu moyoni kama nilivyozoea. Nilipomaliza kuhesabu niligeuka, nikateremka kidato cha kwanza.

Kiti kikavutwa ndani. Hatua zikaja, taratibu, zikasimama penye blanketi. Alikuwa mwanamke mfupi kuliko nilivyomdhania, mikono imejaa grisi hadi viwikoni. Alinitazama usoni muda mrefu. Kisha akatazama ndoo.

"Karibu," akasema kwa Kiswahili. Mengine akayasema kwa lugha yake. "Wewe ingia. Hicho kiache nje."

Nikaiweka ndoo chini pale kidatoni, nikavua viatu, nikaingia.